Kufundisha Uwekevu wa Mafuta ya Magari Katika Shule ya Msingi

UTANGULIZI

Mwanachuo anapopewa mada ya kuokoa mafuta ya magari, swali la kwanza linalomjia huwa hili: Mtoto wa darasa la V au la VI haendeshi gari, wala wazazi wake pengine hawana gari; basi atafundishwa kuokoa mafuta ya nani? Swali hili ni la haki, nasi tungependa kulijibu kabla ya kuingia katika mbinu za kufundishia.

Jibu la kwanza ni kwamba kila mtoto hula mafuta ya gari, hata kama hajawahi kupanda gari. Chumvi ya jikoni, sabuni, daftari na mbolea vimefika kijijini kwa lori. Mahindi na pamba ya wazazi wake hutoka kijijini kwa lori. Gharama ya mafuta imo ndani ya bei ya vitu hivyo vyote, japokuwa haionekani.

Jibu la pili ni kwamba mafuta hayo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Wazee wanakumbuka jambo hili vizuri. Mwishoni mwa mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya pipa la mafuta ghafi duniani ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Ikapanda tena katika miaka ya 1979 na 1980, kutoka dola 14 hivi hadi zaidi ya dola 30, wakati Tanzania ilikuwa imetoka tu katika vita vya Kagera. Katika miaka hiyo nchi yetu iliweka amri ya kuzuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili alasiri, na foleni katika vituo vya petroli likawa jambo la kawaida. Hata nchi tajiri ziliguswa. Marekani ilitunga sheria mwaka 1974 ya kutozidi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 89 hivi, ili kuokoa mafuta, na kikomo hicho cha nchi nzima hakikuondolewa hadi mwaka 1995. Foleni zile zimepita, lakini Tanzania bado inaagiza kutoka nje petroli na dizeli yake yote, na bei za juu zinazoruhusiwa hutangazwa kila mwezi na EWURA. Bei ya dunia ikipanda, nauli hufuata.

Jibu la tatu ndilo kubwa kwetu sisi walimu. Kijana anayemaliza shule leo huenda akawa dereva wa bodaboda kabla ya miaka kumi kupita, au utingo, au fundi wa gereji. Atakuta huko mafundisho mengi juu ya kuokoa mafuta. Mengine ni ya kweli, mengine ni ya uongo, na mengine yanaua. Shule ikimpa orodha ya kanuni za kukariri, hatakuwa na njia ya kuyachambua. Shule ikimzoesha kupima na kulinganisha, atakuwa na chombo cha kumfaa maisha yake yote. Kwa hiyo makala haya yanasisitiza jambo moja: kila dai la kuokoa mafuta lipitishwe katika machekecheo mawili. La kwanza ni kipimo: je, mafuta yamepungua kweli? La pili ni usalama: je, mafuta hayo yaliyookolewa yamelipiwa kwa hatari ya maisha ya mtu?

MAARIFA YA MWALIMU

Mwalimu hawezi kufundisha asichokielewa. Tuanze basi na mwendo wa mafuta ndani ya gari.

Mafuta yanapoungua katika injini hutoa nguvu nyingi, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Katika gari la petroli, yapata robo tu ya nguvu hiyo ndiyo hufika kwenye magurudumu. Dizeli hufanya vizuri zaidi, lakini nayo hupoteza zaidi ya nusu. Dereva hawezi kubadili sana sehemu hii, kwa kuwa ndivyo injini ilivyoundwa. Anachoweza ni kuitumia vizuri ile sehemu ndogo iliyobaki, nayo hutumika katika kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kuliondoa gari mahali liliposimama na kulipa mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika kuupata huongezeka mara nne. Kuifikia kilomita 80 kwa saa kunadai nguvu mara nne ya kuifikia kilomita 40. Nguvu hiyo dereva huitupa kila anapokanyaga breki, kwa maana breki huigeuza kuwa joto tu.

Kazi ya pili ni kuisukuma hewa iliyo mbele ya gari. Kizuizi cha hewa nacho huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka maradufu. Katika mwendo mdogo wa mjini kizuizi hiki ni kidogo, lakini gari dogo linapopita kilomita 80 hivi kwa saa katika barabara ya tambarare, kazi kubwa ya injini huwa ni kupambana na hewa.

Kazi ya tatu ni kushinda ukinzani wa matairi yanayobonyea na kurudi kila yanapozunguka. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hubonyea zaidi na hupata joto zaidi. Kazi ya nne ni kupandisha uzito mlimani. Kwa hiyo kila mzigo usio na haja unaobakizwa garini una bei yake.

Mwanachuo akizishika kazi hizi nne, hahitaji kukariri kanuni za udereva, kwa sababu atazitoa mwenyewe.

TABIA ZA DEREVA

Dereva mwekevu hutazama mbali. Akiona mbele kuna ng'ombe wanavuka, au taa nyekundu, au tuta, huinua mguu mapema na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe likiwa ndani ya gia. Dereva mfujaji hukanyaga mafuta mpaka karibu na tuta, akafunga breki, kisha akaanza upya. Wote wawili huvuka tuta lile lile, lakini wa pili amelipa mara mbili. Vipimo vilivyofanywa Marekani vinaonyesha kwamba uendeshaji wa pupa, wa kuondoka kwa nguvu na kufunga breki kwa ghafla, unaweza kuongeza ulaji wa mafuta kwa asilimia kumi na kuendelea, na mara nyingine zaidi sana, hasa penye msongamano wa magari.

Dereva mwekevu hubadili gia mapema ili injini isilie bure, lakini haiachi injini itetemeke kwa gia kubwa isiyofaa mlima. Hushika mwendo mmoja wa wastani. Tanzania imeyawekea mabasi ya abiria na malori makubwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi kikomo ni kilomita 50. Vikomo hivi vimewekwa kwa ajili ya usalama, lakini mwanafunzi aonyeshwe kwamba vinaokoa mafuta pia. Hapa usalama na uwekevu hushikana mkono.

Tena, dereva mwekevu huzima injini anaposimama kwa muda. Injini inayounguruma gari limesimama hula nusu lita hadi zaidi ya lita moja kwa saa, kwa kadiri ya ukubwa wake, na gari halisogei hata hatua moja. Kuiwasha tena injini iliyokwisha pata moto hula mafuta ya sekunde chache tu. Wala injini haihitaji kuungurumishwa dakika kumi asubuhi ili ipate moto, kwani hupata moto upesi zaidi gari likiondoka taratibu.

Mwisho, dereva mwekevu hupunguza safari. Safari moja iliyopangwa vizuri inaweza kufanya kazi ya safari tatu. Hili ni jambo ambalo hata asiye dereva, kama vile katibu wa chama cha ushirika au mwalimu mkuu anayepanga kufuata vifaa mjini, anaweza kulitekeleza.

MATUNZO YA GARI

Hapa mwalimu ajihadhari asizidishe. Yako matunzo yanayookoa mafuta mengi, na yako yanayookoa kidogo tu, ingawa yote yana faida nyingine.

Matairi yapimwe upepo angalau mara moja kwa mwezi, kabla ya safari, yakiwa baridi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni au katika kitabu cha gari. Matairi yote yakipungukiwa pauni 10 za upepo, ulaji wa mafuta huongezeka kwa asilimia 2 hivi. Asilimia hiyo ni ndogo, lakini tairi hilo huisha upesi na linaweza kupasuka njiani, na hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi.

Breki zinazoshika wakati hazikukanyagwa, pamoja na magurudumu ya mbele yasiyoelekea sawasawa, hufanya gari liburute mguu. Dalili ya breki inayoshika ni gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine baada ya safari. Plagi mbovu huacha mafuta yatoke bila kuungua vizuri. Moshi mweusi wa gari la dizeli ni mafuta yasiyoungua yote, na huenda sababu ni nozeli mbovu, chujio la hewa lililoziba au mzigo uliozidi. Oili ya injini ibadilishwe kwa wakati, na iwe ya uzito uliotajwa na mtengenezaji.

Juu ya chujio la hewa, vitabu vya zamani vilifundisha kwamba likiziba gari hula mafuta mengi zaidi. Mafundisho hayo yalikuwa sahihi kwa magari yenye kabureta. Katika magari ya petroli ya siku hizi, ambayo mafuta yake hunyunyizwa kwa kuongozwa na kompyuta, chujio lililoziba hupunguza nguvu ya gari kuliko linavyoongeza ulaji wa mafuta. Bado lisafishwe au libadilishwe, hasa katika barabara zetu za vumbi, kwa kuwa hulinda injini. Tumelitaja hili kwa makusudi, ili mwanachuo aone kwamba maarifa ya ufundi hubadilika pamoja na mitambo, na kwamba kanuni iliyokuwa kweli jana yafaa kupimwa tena leo.

Kuhusu mizigo, kilo 50 hivi za ziada katika gari dogo huongeza ulaji wa mafuta kwa asilimia moja takriban. Mzigo uliofungwa juu ya keria hudhuru zaidi kuliko ule uliomo ndani, kwa sababu unaongeza uzito na pia unapambana na hewa.

UWEKEVU WA UONGO

Sehemu hii mwanachuo asiiruke kwa kisingizio cha uchache wa vipindi. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba kuokoa mafuta ni jambo jema, asifundishwe mpaka wake, ameachiwa kisu bila mpini.

Uwekevu wa uongo wa kwanza ni kuteremka mlima gari likiwa nje ya gia, au injini ikiwa imezimwa. Watu husema kwamba gari likijiendea lenyewe halili mafuta. Tulipitishe dai hili katika machekecheo yetu. Kwa kipimo: magari mengi ya siku hizi hukata mafuta kabisa dereva anapoinua mguu gari likiwa ndani ya gia, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwekwa nje ya gia, injini inabidi ipewe mafuta ili isizimike. Kwa hiyo katika magari hayo, kuteremka nje ya gia hula mafuta zaidi, si pungufu. Kwa usalama: gari lililo nje ya gia limepoteza msaada wa injini katika kulizuia, na kazi yote imeachiwa breki. Breki zikipata moto mno hazishiki tena. Injini ikizimwa kabisa, kanyagio la breki huwa gumu, usukani huwa mzito, na katika lori linalotumia breki za upepo, pampu inayojaza upepo huo husimama. Anayejua mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, au ule wa Sekenke mkoani Singida, anaelewa maana yake. Dai hili limeanguka katika machekecheo yote mawili.

Wa pili ni kuchanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli ili kupunguza bei. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya dizeli kama dizeli yenyewe, na katika injini ya petroli husababisha mgongano wa moto ndani ya silinda. Senti zilizookolewa hulipwa gereji.

Wa tatu ni kunyonya petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira, na kuiweka katika chupa na madumu ndani ya nyumba. Jambo hili huwagusa watoto moja kwa moja, kwa maana mara nyingi wao ndio hutumwa. Tone la petroli likiingia mapafuni linaweza kuua. Mvuke wake hushika moto mbali na chombo chenyewe.

Wa nne ni kukimbilia mafuta yaliyomwagika. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Miaka kumi kabla, Januari 2009, jambo kama hilo lilitokea Sachang'wan nchini Kenya, na huko pia walikufa zaidi ya 100. Waliokwenda walikuwa watu wa kawaida walioona kitu chenye thamani kikipotea. Mwalimu alifundishe jambo hili kwa upole na heshima, asiwalaumu marehemu, lakini aseme wazi: mafuta yakimwagika, kimbia upande yasikoelekea, na uwaambie wengine wakimbie.

SOMO LENYEWE

Tunapendekeza vipindi vinne, katika Sayansi, Hisabati na Maarifa ya Jamii. Tumeona mara nyingi katika mazoezi ya kufundisha kwamba mada hii hugeuzwa kuwa orodha ya kanuni kumi ubaoni: mwalimu husoma, wanafunzi huitikia, kisha hunakili. Somo la namna hiyo halimbadilishi mtu. Zana zinazohitajika ni rahisi kupatikana: baiskeli moja yenye breki nzima, pampu, kamba ya kupimia, chupa nne na maji yaliyotiwa rangi. Petroli yenyewe isiletwe darasani kwa vyovyote vile.

Kipindi cha kwanza: Mafuta huenda wapi? Mwalimu apange chupa nne zilizojaa maji ya rangi, azitaje kuwa ni mafuta ya gari la petroli. Azimwage tatu katika ndoo, huku akieleza kwamba hizo zimetoka kama joto. Chupa moja iliyobaki ndiyo inayosukuma gari. Kisha awaulize wanafunzi: Chupa hii moja ina kazi gani njiani? Wanafunzi wanaopanda baiskeli watazitaja kazi nne wenyewe, maana miguu yao inazijua: kuondoka, upepo wa mbele, tairi lisilo na upepo, na mlima. Mwalimu aandike majibu yao, asitangulie kuwaandikia yake.

Kipindi cha pili: Jaribio la tairi. Lifanyike katika uwanja wa shule wenye mteremko mdogo, kamwe lisifanyike barabarani. Mwanafunzi mmoja apande baiskeli yenye upepo wa kutosha, aiachie kutoka alama iliyowekwa bila kupiga pedeli, na wenzake wapime umbali iliofika kabla ya kusimama. Jaribio lirudiwe mara tatu, ukatafutwe wastani. Kisha upepo upunguzwe katika matairi yote mawili, lakini usiishe, na jaribio lirudiwe mara tatu na mpandaji yule yule kutoka alama ile ile. Mwalimu aulize: Kwa nini tusibadili mpandaji? Kwa nini mara tatu, wala si mara moja? Maswali haya mawili ndiyo kiini cha kipindi. Mtoto akielewa kwamba hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kwamba kipimo kimoja kinaweza kudanganya, amepata zaidi ya somo la mafuta. Mwishoni wanafunzi wasugue viganja kwa nguvu, waone joto, kisha waelezwe kwamba breki hufanya vivyo hivyo.

Kipindi cha tatu: Hesabu ya ulaji wa mafuta. Njia ya kupima ni hii: jaza tangi, andika namba ya mita ya kilomita, safiri, jaza tena mpaka kiwango kile kile, kisha gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizojaza. Mfano wa kufanyia zoezi:

Pikapu ya ushirika iliondoka mita ikisoma 48,210. Iliporudi mita ilisoma 48,570, na tangi likapokea lita 45. Ilikwenda kilomita 360, yaani kilomita 8 kwa lita. Baada ya breki kurekebishwa na dereva kubadili tabia, safari ile ile yenye mzigo ule ule ilitumia lita 40, yaani kilomita 9 kwa lita. Imeokoa lita 5 kwa safari. Ikiwa inasafiri mara mbili kwa wiki kwa wiki 40, itaokoa lita 400. Wanafunzi wazidishe kwa bei ya lita ya mwezi huo katika wilaya yao, na waseme fedha hizo zingenunua madaftari mangapi.

Mfano wa pili ni mgumu kidogo, lakini una fundisho kubwa. Lori lililokuwa likienda kilomita 2 kwa lita sasa linakwenda 2.5. Gari dogo lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita sasa linakwenda 12.5. Lipi limeokoa mafuta mengi zaidi katika kilomita 1,000? Wanafunzi wengi watasema gari dogo, kwa kuwa limeongeza kilomita 2.5 na lori limeongeza nusu tu. Wafanye hesabu: lori limetoka lita 500 hadi 400, limeokoa 100, gari dogo limetoka lita 100 hadi 80, limeokoa 20. Lori limeokoa mara tano zaidi. Hapo mwalimu aulize: Basi taifa likitaka kuokoa mafuta, lianze na magari gani?

Mfano wa tatu ni wa mwendo. Kilomita 100 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni dakika 75. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 60. Dereva amepata dakika 15. Lakini kizuizi cha hewa kimeongezeka kwa zaidi ya nusu. Wanafunzi wajadili kama dakika hizo zina thamani ya mafuta hayo, na ya hatari iliyoongezeka.

Kipindi cha nne: Machekecheo mawili. Mwalimu aandike ubaoni madai sita au saba yanayosikika mitaani, ya kweli na ya uongo yakiwa yamechanganywa. Kila kundi lichukue dai moja, lijibu maswali mawili: Tutalipimaje? Ni salama? Ikiwezekana aalikwe dereva mzoefu au fundi wa karibu kusikiliza na kujibu. Mwalimu azungumze naye kabla ya kipindi, ajue mawazo yake, hasa juu ya kuteremka nje ya gia, ili tofauti isije ikazuka mbele ya watoto na kumvunjia mgeni heshima.

TAHADHARI KWA MWALIMU

Darasani mna watoto wa madereva. Somo lisiwe baraza la kuwahukumu wazazi wao. Mtoto asitumwe nyumbani kumsahihisha baba yake. Atumwe kumwuliza: Gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita, na unajuaje? Swali la heshima hufungua mlango ambao lawama huufunga. Wala mtoto asimsumbue dereva aliye katika mwendo kwa mazungumzo ya mafuta. Lakini afundishwe kwamba abiria, hata akiwa mdogo, ana haki ya kumwomba mtu mzima aliye pamoja naye amwambie dereva apunguze mwendo wa hatari.

TATHMINI

Mwalimu asipime kwa kuuliza: Taja njia tano za kuokoa mafuta. Jibu lake ni la kukariri. Ampe mwanafunzi dai ambalo halikufundishwa, kwa mfano kwamba kujaza upepo kupita kipimo huokoa mafuta, kisha amtake aeleze jinsi ya kulipima na hatari iliyomo. Mwanafunzi atakayesema, "Huenda huokoa kidogo, lakini tairi gumu mno hushika barabara vibaya, kwa hiyo silikubali," amefaulu, hata kama amesahau kanuni zote nyingine.

HITIMISHO

Wahenga walisema: Bandu! bandu! huisha gogo. Mafuta ya nchi hayaishi kwa safari moja kubwa, bali kwa breki zisizo na haja, matairi yasiyopimwa na injini zinazounguruma vituoni. Lakini gogo lisichongwe kwa kukata vidole vya mchongaji. Kazi yetu ni kumlea mtoto anayejua kuhesabu lita, na anayejua pia kitu gani hakihesabiwi kwa lita.

MASWALI KWA WANACHUO

1. Andaa andalio la somo la kipindi cha pili kwa shule isiyo na uwanja wenye mteremko. Utatumia nini badala yake?

2. Mwanafunzi amepata umbali mkubwa zaidi kwa tairi lenye upepo mdogo. Taja sababu tatu zinazowezekana, na jinsi ya kuendelea na somo bila kumwambia kwamba amekosea.

3. Tafuta madai matatu ya kuokoa mafuta yanayosemwa katika kituo cha mabasi au cha bodaboda cha karibu, uyapitishe katika machekecheo mawili.

4. Jadilini: Je, ni halali kutumia habari za ajali ya kweli katika kufundisha watoto? Kwa mipaka gani?